Jiwe Huzama, Mashua ya Mawe Huelea

Wahenga wa pwani walinena ya kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1974, nikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nimeketi juu ya jamvi matangani mtaani kwetu Lamu. Aliyeitamka alikuwa mzee mwenye heshima zake, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Alitaka kumliwaza mjomba wangu, ambaye mashua yake ilikuwa imezama siku nne kabla ya hapo na kumchukua baharia mmoja. Watu waliitikia kwa vichwa, wakasema kudra ya Mwenyezi Mungu haina makosa. Nami pia nikaitikia. Lakini moyoni nilikuwa na jambo ambalo sikulitoa siku ile wala miaka mingi baadaye. Siku ya safari, mtu aliyehesabu mawe yaliyopakiwa alikuwa mimi.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa swali moja, nalo ni hili: jiwe moja likitupwa baharini huzama papo hapo, mbona mawe 200 yakipakiwa mashuani huelea? Na ikiwa mawe 200 huelea, mbona mawe 260 huzama?

Watu wengi watajibu upesi kwamba kitu huzama kwa sababu ni kizito. La hasha! Gogo la mwembe lenye uzito wa ng'ombe wawili huelea, na ndilo wachongaji wa ngalawa wanalolitaka. Sindano ya kushonea, ambayo mtoto mchanga aweza kuiinua, huzama. Kipande cha mpingo hushuka chini kama chuma, ilhali nazi kavu na kumbi lake husafiri baharini miezi na miezi mpaka ikaota kisiwa kingine. Uzito peke yake hausemi lolote.

Bibi yangu, ambaye hakukanyaga skuli hata siku moja, alikuwa anajua nusu ya jibu. Kabla ya kupasua yai, alilitia kwanza ndani ya bakuli la maji. Yai la jana lililala chini kwa ubavu. Yai la wiki mbili tatu lilisimama wima, makalio juu. Yai viza lilielea, naye akalitupa bila ya kulinusa. Sababu yake ni kwamba ganda la yai lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Siku zikipita unyevu hutoka kupitia vitundu hivyo na hewa huingia mahali pake. Ukubwa wa yai haukubadilika hata kidogo. Kilichopungua ni uzito.

Nusu ya pili ya jibu tulikuwa nayo sisi watoto, ingawa hatukujua kwamba tunayo. Tulikuwa tukichukua udongo wa mfinyanzi, tukaufanya tonge na kulitupa ndani ya maji, likazama. Udongo ule ule tukiukandika ukawa kama kisahani chenye kingo, ulielea, tena ulibeba siafu kadhaa na mbegu za ukwaju. Hapa uzito haukubadilika. Kilichobadilika ni nafasi ambayo udongo ule uliichukua majini.

Ukiziunganisha nusu hizo mbili unapata kanuni yote. Hebu, msomaji, fikiria ya kwamba mashua inapoelea imechimba shimo ndani ya bahari, shimo lenye umbo la tumbo lake. Maji yaliyokuwa mahali hapo yamesukumwa kando, nayo hayakuridhika, yanasukuma yarudi. Nguvu yanayosukumia ni sawasawa na uzito wa maji yaliyofukuzwa. Ikiwa maji yale yana tani sita, bahari itabeba tani sita na wala haitaongeza hata kilo moja. Pakia mzigo zaidi, na mashua itashuka ichimbe shimo kubwa zaidi, mpaka uzito wa maji yaliyofukuzwa ulingane tena na uzito wa chombo na vyote vilivyomo. Chombo huendelea kushuka hivyo kwa adabu mpaka siku ukingo wake utakapofikia maji. Hapo hakuna shimo tena la kuchimba.

Jiwe halina bahati hiyo. Shimo lake haliwezi kuwa kubwa kuliko jiwe lenyewe, na maji ya kulijaza shimo hilo ni mepesi kuliko jiwe. Chuma nacho ni kizito karibu mara nane kuliko maji, lakini meli ya chuma ndani yake ni hewa tupu kwa sehemu kubwa, kwa hivyo ukiipima yote kwa jumla, chuma na hewa pamoja, ni nyepesi kuliko maji yenye ukubwa huo huo.

Aliyeiandika kanuni hii kwanza alikuwa Archimedes, Mgiriki wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, ambaye aliuawa Warumi walipouteka mji huo mwaka 212 kabla ya Kristo. Wengi wanakijua kile kisa cha kuruka kutoka birikani akiwa uchi huku akipiga kelele. Kisa hicho huenda kilitiwa chumvi na wasimulizi. Kitabu chake juu ya vitu vinavyoelea, hata hivyo, kilikuwa cha kweli na kimebaki, na ndani yake hamna mchezo: alieleza hata namna kitu kilichoinamishwa majini kitakavyojirudisha au kitakavyopinduka. Jambo hilo la kupinduka tutalirudia, kwa maana limeua watu wengi.

Sasa nirudi kwa mjomba.

Kazi yake ilikuwa kuvusha mawe ya kujengea kutoka upande wa Maweni, kisiwani Manda, hadi Lamu. Ni mawe ya matumbawe ya kale, yale ambayo nyumba za Lamu zimejengwa kwayo tangu enzi na enzi. Mashua yake ilikuwa na urefu wa mita 9 hivi na upana wa mita 2 na nusu. Mjomba hakusoma hesabu za vitabuni, lakini alikuwa na kipimo chake, nacho kilikuwa kiganja. Kila akimaliza kupakia aliinama ubavuni, akaweka kidole gumba kwenye ukingo na kunyosha mkono kuteremka mpaka majini.

"Shibiri moja na nusu, mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. "Ikipungua hapo, bahari itakuja yenyewe kutuuliza tumebeba nini."

Kazi yangu mimi ilikuwa kuhesabu. Niliketi tezini na kipande cha mkaa, na kila mawe kumi yakishapita nilipiga mstari mmoja ubaoni. Mistari 20, yaani mawe 200, ndiyo iliyokuwa safari. Jiwe moja kwa wastani lilikuwa na kilo 20, kwa hivyo tulikuwa tukivusha tani nne kila mara. Kwa macho ya mtu asiyejua, mashua ilionekana nusu tupu. Hapo ndipo mawe yanapodanganya. Mzigo wa makuti huonekana mlima na mzigo wa mawe huonekana si kitu, na mwenye mali aliyesimama ufuoni huuliza kwa nini nafasi yote ile iende bure.

Siku ile ya mwezi wa Machi alikuwepo mwenye mali wa namna hiyo. Alikuwa akimalizia nyumba na kutaka mawe yake yafike kabla ya masika. Yalikuwa yamebaki 260. Safari mbili, alisema, ni nauli mbili. Wakavutana kwa maneno ya kiungwana, kama kawaida ya watu wa Lamu, wala hakuna aliyepandisha sauti. Mjomba akatazama bahari. Ilikuwa imetulia kama mafuta ndani ya sahani. Akatazama jua lilipofika. Kisha akasema, "Haya, pakieni." Nilipopiga mstari wa ishirini na moja nilimtazama usoni, naye akaangalia pengine. Nikaendelea kupiga mpaka wa ishirini na sita.

Hesabu yenyewe niliifanya nikiwa mtu mzima, na si ngumu. Mashua ile pale inapokatwa na maji ilikuwa na eneo la mita za mraba 15 hivi. Ili ishuke sentimita moja, hapana budi ifukuze maji ya bahari yenye uzito wa kilo 150 na kidogo. Mawe 60 ya ziada yalikuwa kilo 1,200. Yaani yaliishusha mashua sentimita 8, upana wa vidole vinne vya mtu mzima.

Vidole vinne! Nani atakayeamini kwamba vidole vinne vyaweza kuua? Kwa hakika shibiri nzima na zaidi ilikuwa ingali imebaki, na siku ya shwari kama ile chombo kingeweza kufika. Lakini aliyewahi kuwa na mashua anajua kwamba mbao za chini, zilizozoea kukaa majini, hufura na kubanana, ambapo mbao za juu hupigwa na jua mwaka mzima zikakauka, zikanywea na kuachana. Kalafati ya pale juu hukatika bila ya mtu kujali, kwa sababu maji hayafiki huko. Siku ile yalifika. Vidole vinne vilizamisha maungio ya ubao ambao ulikuwa haujalowa kwa miezi mingi, na bahari ikaingia kimya kimya, katikati ya mawe, mahali ambapo hapakuwa na jicho.

Tulipofika katikati ya mkondo, baharia mmoja alishuka ngamani akasema mna maji. Akaanza kuyakumba kwa upo. Maji yaliyoingia ni mzigo usiohesabiwa na karani yeyote, tena ni mzigo usiotulia. Mashua ikiinama upande mmoja, nayo hukimbilia upande uo huo na kuizidisha kuinama. Upepo ukavuma kidogo tu, wala haukuwa upepo wa kusimulia. Tanga likavuta. Ukingo uliigusa bahari mara moja, na haukuinuka tena.

Mimi nilianguka karibu na upondo, nikaukumbatia. Ulikuwa mti mkavu na ulinibeba. Mjomba na wengine wawili waliogelea. Yule aliyekuwa ngamani hakutoka.

Vijana walipiga mbizi mpaka usiku bila ya kumpata, kwa maana mkondo wa pale hauna huruma. Wazee wakasema tungoje, siku ya tatu bahari itamrudisha yenyewe. Na ikawa hivyo. Sitaki kulieleza jambo hili kwa urefu. Inatosha kusema kwamba mwili wa binadamu na maji ya bahari vinakaribiana sana kwa uzito, na pumzi iliyo kifuani ndiyo inayoamua. Pumzi ikitoka mwili hushuka. Siku chache baadaye hewa nyingine hujitengeneza ndani yake. Wazee wa pwani walijua hayo bila ya kumsoma Archimedes.

Baada ya matanga, bamvua lilipokupwa, tulikwenda kuyaokoa mawe. Mwenye mali aliyataka, na mjomba alikuwa na deni. Huko chini nilikutana na jambo ambalo sikulisahau. Jiwe lililokuwa likinishinda nchi kavu nililinyanyua kwa mikono miwili bila ya taabu, nikatembea nalo juu ya mchanga kama mtu aliyebeba mkate. Bahari ilikuwa ikibeba nusu yake. Lakini lilipotokeza juu ya maji, uzito wake wote ulirudi kwa ghafula na kuniponyoka. Nilirudia mara nyingi, nikalipandisha na kulishusha, nikiutafuta ule mstari ambapo jiwe huwa jiwe tena. Watu walidhani nacheza.

Tulipokuwa tumetoa kiasi cha nusu ya mawe, mashua yenyewe ilijinyanyua polepole kutoka chini, ikatokeza mlingoti na mgongo wa tezi, imejaa maji tele na huku inaelea. Mbao zile hazikuwahi kutaka kuzama. Zilishikwa tu na tulichokuwa tumeziwekea juu.

Nilipokuwa mkubwa nilipata kazi ya ukarani bandarini Mombasa, ya kuhesabu shehena zinazopanda na kushuka. Naona kazi hiyo iliniandama! Huko ndiko nilikoiona kwa mara ya kwanza ile alama iliyopakwa rangi ubavuni mwa kila meli kubwa: duara lililokatwa na mstari katikati, na kando yake ngazi ndogo yenye herufi. Nilimwuliza ofisa mmoja wa meli maana yake. Akaniambia kwa ufupi kwamba mstari huo ukizama, meli haiondoki. Nilisimama pale gatini nikiitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa shibiri moja na nusu ya mjomba, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe mahali ambapo kila mtu aliyesimama nchi kavu aliweza kuiona.

Alama ile ina historia ya ugomvi. Katika karne ya 19 baadhi ya matajiri wa Uingereza walikuwa wakipakia meli mbovu kupita kiasi, kwa kuwa zilikuwa na bima. Zikifika walipata faida, zikizama walilipwa. Mabaharia waliziita meli za jeneza. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipiga kelele miaka mingi mpaka sheria ya mwaka 1876 ikaagiza kila meli iwe na mstari wa shehena. Lakini tazama werevu wa matajiri: sheria hiyo haikusema mstari ukae wapi, na mwenye meli alikuwa huru kuupaka apendapo. Husimuliwa kwamba nahodha mmoja aliupaka kwenye dohani! Ilipofika mwaka 1890 ndipo sheria ilipoupangia mstari mahali pake.

Zile herufi za kando nazo zina maana yake. Maji hayalingani. Mita moja ya ujazo ya maji ya mtoni au ya ziwani ina kilo 1,000, na ya bahari ina kilo 1,025 hivi kwa ajili ya chumvi. Kwa hivyo meli ile ile yenye shehena ile ile hushuka zaidi ikiingia mtoni na hupanda kidogo ikirudi baharini, na mstari wa maji matamu huwekwa juu kidogo ya ule wa maji ya chumvi. Jahazi la Mombasa likichukuliwa likatiwa katika Ziwa Victoria, mzigo wake wa kawaida utalishusha kuliko lilivyozoea.

Na hapo ziwani ndipo lilipotokea jambo linaloonyesha kwa uchungu zaidi kuliko kitabu chochote ni nini hasa kinachoelea. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Iliruhusiwa kubeba watu 430, nayo ilibeba wengi zaidi ya hao, mamia wakafa. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, kwa sababu hewa ilikuwa imenaswa ndani yake, na waliokuwa wamebaki hai huko ndani waligonga chuma ili wasikike. Waokoaji wakaona njia ya kuwafikia ni kulitoboa tumbo la meli. Walipotoboa, hewa ikatoka kwa kishindo, maji yakaingia kutoka chini kuichukua nafasi yake, na meli ikazama pamoja na waliokuwamo. Waliotoboa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanataka kusaidia, na waliona chuma tu, hewa haionekani.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa hilo hilo karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walipita 200. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja wa mitambo akiwa hai. Alikuwa amejibanza ndani, mahali palipobaki na hewa.

Sisi wa pwani tunayo ya kwetu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikivuka kutoka Mtongwe, katika mlango wa Kilindini, ilipinduka si mbali na nchi kavu, na watu 272 wakapoteza maisha yao. Ilikuwa imebeba zaidi ya watu 400, ambapo kiasi chake kilikuwa 300. Mpaka leo ziko familia Likoni na Mtongwe ambazo tarehe hiyo haizipiti hivi hivi.

Vyombo vyote hivyo vitatu vilipinduka. Hiyo ni habari nyingine kidogo na ile ya mashua ya mjomba, na yafaa ieleweke. Mawe huua kwa uzito, kwa kukishusha chombo. Mzigo wa juu huua kwa kukilaza. Nenda ukatazame jahazi lililopakia makuti au magodoro: mzigo unaupita ukingo kwa urefu wa mtu wawili, na nahodha hapati usingizi, ingawa chombo kimeshuka kidogo tu. Uzito ukiwa chini, chombo kikiinama hurudi chenyewe kama mdoli mwenye makalio mazito. Uzito ukiwa juu, kikiinama huendelea. Ndiyo maana manahodha wa zamani, walipokuwa hawana shehena, walitia farumi ya mawe au mchanga ngamani. Hebu fikiria ajabu hiyo, msomaji: mawe yale yale yaliyotuzamisha sisi, yakiwa machache na yakiwekwa chini, ndiyo yanayokisimamisha chombo. Na katika mizigo yote hakuna ulio mbaya kama abiria, kwa maana abiria husimama, na wakisikia kelele hukimbilia upande mmoja wote kwa pamoja.

Nayo miili yetu ina kosa lake. Mfa maji haachi kutapatapa, tunasema, lakini hatusemi kwamba kule kutapatapa ndiko kunakomzamisha. Mtu mwenye pumzi kifuani huelea baharini na uso wake ukatokeza kidogo tu, ikiwa ametulia. Akiinua mikono miwili kuita msaada, mikono ile hutoka majini, na bahari huacha kuibeba. Uzito wake wote humwangukia kichwani, mdomo ukaingia maji. Nimewaeleza hivyo wajukuu zangu, nao wakanicheka mpaka nilipowapeleka majini wakajaribu.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mwaka 2018 hapo Lamu mafundi walishusha majini jahazi lililoundwa kwa takataka za plastiki na kuvikwa vipande vya kandambili vya rangi zote, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Sikushangaa, kwa sababu kandambili hata ikitupwa vipi hurudi ufuoni. Kinachonitia wasiwasi mimi ni boti za faiba zenye injini za kasi. Ubao ukijaa maji bado ni ubao, na mtu hupata pa kushika. Faiba ni nzito kuliko maji, na boti isiyotiwa masanduku ya hewa au povu ikijaa huenda chini moja kwa moja kama kijiko. Vijana huvaa jaketi za kuokolea maisha wanapokaribia polisi, wakizivua mbele kidogo.

Mjomba alijenga mashua nyingine baada ya miaka miwili. Kabla ya kuishusha majini alipigilia msumari wa shaba ubavuni, kila upande mmoja, akawaambia mabaharia kwamba msumari ukilowa, mtu yeyote, hata mtoto, ana ruhusa ya kusema. Hakumweleza mtu sababu yake. Naye alikuwa hajapata kumsikia Plimsoll, na mimi nilipomsimulia habari zake alicheka na kuuliza kama Mwingereza huyo alikuwa na mpwa.

Siku hiyo ndiyo niliyopata ujasiri. Alikuwa mzee, ameketi barazani, macho yameanza kumwacha. Nikamwambia, "Mjomba, siku ile nilihesabu mistari 26."

Akanyamaza kitambo. "Najua," akasema. "Nami nilikuwa nikihesabu."

Mimi simbishii mtu kuhusu kudra, na mzee wa matangani nampa heshima yake mpaka leo. Mashua yetu lakini ilikuwa na usukani, tena mzuri, na mjomba alikuwa ameushika.

Nyumba ile ipo. Mwenyewe alifariki zamani, na watoto wake wamepangisha vyumba vya chini. Mawe tuliyoyaokoa yalijengwa ukuta wa upande wa kichochoro, na kwa kuwa yalinywa maji ya bahari siku nyingi, chumvi haijatoka ndani yake. Kila baada ya masika lipu ya ukuta huo hubanduka, ikaanguka chini vipande vipande, na kila mwaka fundi huitwa akaipaka upya. Nikipita hapo huyaona mawe yametokeza, nami huanza kuyahesabu kabla sijajizuia.